Mpaka wa Haya katika Hadithi za Mapenzi ya Majini

Twapenda kulikabili suali ambalo limezunguka katika darsa yetu kwa muda, na ambalo wenzetu walioko Busia na Malaba wametuhimiza tulijibu kwa maandishi. Suali lenyewe ni hili: hizi hadithi za mapenzi baina ya binaadamu na majini, zisomwazo na kusikilizwa kila pahali siku hizi, zafaa zitiwe mahaba ya mwili kwa kiasi gani? Zisitiwe kabisa? Au msomaji apewe kila alitakalo, maadamu ni hadithi tu?

Wako watakaostaajabu kuona karatasi ya darsa ikishughulika na jambo kama hili. Twawaomba wasubiri. Jambo ambalo vijana wetu hulala nalo na kuamka nalo haliwi dogo kwa sababu wazee hawalitaji. Na mwanachuoni anyamazaye juu ya kisomwacho na watu huwaachia wasio na elimu kazi ya kuwafundisha.

Tuanze na pahali. Busia na Malaba ni miji miwili ya mpakani, yote katika Kaunti ya Busia, na kutoka Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Sehemu kubwa ya mizigo ishukayo Kilindini kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo ya mashariki hupita hapo, na reli ya Uganda hupita Malaba. Vijana wetu wa Mvita, wa Kwale na wa Malindi huenda huko wakiwa madereva, mawakala wa forodha, wauzaji wa nguo na wenye mikahawa. Zamani dereva alisimama mara mbili, upande huu na upande ule. Kituo cha pamoja cha Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni, ili mtu akaguliwe mara moja tu. Walakini kungoja hakukwisha. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona, misururu ya malori ilirefuka kwa makumi ya kilomita, na watu wakalala ndani ya malori yao siku nyingi.

Mwenye kungoja hutafuta cha kumliwaza. Zamani alikuwa na redio, na aliyekuwa na bahati alipata msimuliaji hodari penye moto wa chai. Leo ana simu, na ndani ya simu mna hadithi zilizoandikwa na zilizosomwa kwa sauti, sehemu baada ya sehemu. Pembezoni mwa misururu hiyo wako wanaouza chai, maandazi na maji. Wako wabadilishaji fedha. Wako wenye baiskeli na pikipiki, ambao jina lao la bodaboda lilizaliwa katika mipaka hiyo hiyo. Miongoni mwao wako wasichana na wavulana wadogo. Nao wana simu kama zile zile, na hadithi ni zile zile.

Hadithi hizi zina mwendo wake ujulikanao. Msichana mnyonge, aliyechoka na kazi, aota ndoto. Ajiwa usiku na kijana mzuri asiye wa mji ule, amevaa kanzu nyeupe, anukia udi. Kumbe ni mwana wa mfalme wa majini, na amwambia kuwa amemchagua tangu utotoni. Mara nyengine huwa kinyume: jini ni mwanamke, na binaadamu ni dereva aliyempakia njiani usiku wa manane. Kisha huja mahaba. Hapo ndipo wasimuliaji hutofautiana: mmoja hufunga mlango na kusema kuwa kulikucha, wa pili huacha mlango wazi kidogo, wa tatu huwaingiza wasomaji wote chumbani na kuwapa viti. Na wasomaji nao hugawanyika. Wako wasemao kuwa hadithi isiyo na moto haina ladha, na wako wasemao kuwa moto ukizidi chakula huungua.

Yatupasa kwanza kukiri kuwa jambo hili si geni katika nyumba zetu. Nani katika watu wa pwani asiyejua kuwa katika Alfu Lela Ulela mna majini wawili, Maimuna na Dahnash, walioshindana juu ya nani mzuri zaidi, mwana wa mfalme huyu au binti wa mfalme yule, hata wakawabeba wakiwa usingizini na kuwalaza pamoja ili wawapime? Nani asiyejua kisa cha Hasan wa Basra, aliyeoa binti wa mfalme wa majini mwenye vazi la manyoya? Hadithi za ukoo huo zilikuwa vinywani mwa watu wa Unguja kabla ya Edward Steere kuzikusanya na kuzipiga chapa mwaka 1870. Baadaye Johnson na Brenn waliziandika baadhi ya zile za Alfu Lela kwa Kiswahili chepesi cha mashuleni. Na Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alimleta jini mwanamke Huria, ambaye wema wake kwa Adili ndio uti wa mgongo wa kisa chote. Na mapenzi ya Adili na Mwelekevu aliyaeleza kwa lugha ambayo baba aweza kuisoma mbele ya binti yake. Kwa hiyo asemaye kuwa mapenzi na majini yameletwa na simu hajui khabari za nyumba yake mwenyewe.

Wala kuwako kwa majini si jambo la kubishaniwa na Muislamu. Qur'ani ina sura nzima kwa jina lao, na sura hiyo yatueleza kuwa miongoni mwao wako wema na wasio wema. Lakini kuamini kuwa majini wako si kuamini kila kisa kinachosimuliwa juu yao. Imani ina dalili zake, na hadithi ni hadithi.

Sasa tutazame waliojaribu kulijibu suali letu kwa mkono wa nguvu. Mwaka 1985 mahakama moja ya Cairo iliamuru nakala za Alfu Lela Ulela zilizochapwa bila kupunguzwa zitwaliwe, kwa sababu ya maneno ya aibu yaliyomo. Mwaka 2010 kundi la mawakili katika mji ule ule lilitaka tena kitabu kizuiliwe, na safari hii mwendesha mashtaka mkuu alilikataa ombi lao. Katika Kano, nchi ya Nigeria, mwaka 2007, gavana Ibrahim Shekarau alichoma moto hadharani vitabu vya mapenzi vilivyoandikwa kwa Kihausa. Waandishi wengi wa vitabu vya namna hiyo ni wanawake Waislamu, na baadhi yao, kama Balaraba Ramat Yakubu, waliandika juu ya dhuluma wanazopata wasichana katika ndoa za kulazimishwa. Na hapa kwa jirani zetu Tanzania, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa ajili ya mambo ya kimwili yaliyomo, hali ya kuwa kisa chenyewe ni cha msichana aliyeharibikiwa kwa kuwa hakufunzwa lolote ila hofu ya kipigo cha baba yake.

Twapata nini katika khabari hizi? Twapata kuwa moto na amri havipambanui. Huchoma kitabu cha kuchochea pamoja na kitabu cha kuonya, kwa kuwa mwenye kiberiti hatazami ila ukurasa mmoja. Na baada ya moshi kutoweka, watu huendelea kusoma. Katika zama za simu, ambapo hadithi hutoka Dar es Salaam ikafika Malaba kabla chai haijapoa, hakuna wa kusimama mpakani akaikagua. Basi kama hapana budi pawe na mkaguzi, mkaguzi huyo awe ndani ya msomaji mwenyewe. Na mkaguzi hakagui bila kipimo. Kipimo ndicho tukitafutacho.

Tumerejea Qur'ani, na tumeona kuwa kisa alichokiita Mwenyezi Mungu kizuri kupita vyote, yaani kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), kina ndani yake matamanio ya mwili. Hayakufichwa. Aya ya 23 yaeleza kuwa mwanamke mwenye nyumba ndiye aliyemtaka kijana, na kuwa milango ilifungwa. Aya ya 24 yataja azma ya nafsi. Aya ya 31 yaonyesha wanawake wa mji wakijikata mikono kwa kupigwa na bumbuazi la uzuri. Msomaji afahamu kila kitu: nguvu ya tamaa, hatari yake, na uchungu wa kuishinda. Lakini hakuna mwili uliovuliwa nguo mbele yake. Kitu pekee kilichoraruka ni kanzu, nayo imeraruliwa ili iwe ushahidi wa haki ya aliyedhulumiwa.

Huu ni msingi wa kwanza. Kuitaja shahawa si haramu, na kuieleza nguvu yake si uchafu. Aliyemuumba mwanaadamu ndiye aliyeiumba shahawa, na kisa kinachojifanya kuwa haiko husema uwongo. Kinachokatazwa ni kuuleta mwili wa mtu mbele ya macho ya asiyehusika. Imekuja katika Sahihi ya Bukhari, kwa riwaya ya Abdullah bin Masud, kuwa Mtume (S.A.W.) alimkataza mwanamke kumsifia mumewe mwili wa mwanamke mwenziwe hata akawa kana kwamba amtazama. Zingatieni, enyi ndugu, kuwa makatazo hayo ni juu ya maneno! Maneno yanaweza kuwa macho. Na msimuliaji hodari, kwa uhodari wake, ndiye wa kwanza kupasika kuliogopa jambo hili, kwani asiye hodari hamwonyeshi mtu kitu.

Wala wazee wetu hawakuwa watu wakavu. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliyetunga utenzi wake kiasi cha mwaka 1858 kumwusia binti yake, hakuona haya kumfundisha kujipamba, kujitia manukato na kumpendeza mume. Ibn Hazm wa Andalusia, mwanachuoni wa fiqhi asiyekubali mzaha katika dalili, aliandika kitabu kizima juu ya mapenzi na alama zake, na milango ya mwisho akaiweka kwa kulaumu maasi na kusifu kujizuia. Na Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Vitabu vyetu vya fiqhi vyataja tohara, hedhi na janaba kwa majina yake, na watoto huvisoma madrasani. Haya ya Kiislamu, basi, si kutojua. Ni kulitia kila neno pahali pake.

Lau makala yetu yangekomea hapa, jawabu lingekuwa jepesi: tumia kinaya, funga mlango, pitisha usiku. Wengi katika darsa yetu walitaka tukomee hapo. Lakini tulipozitazama hadithi zenyewe tuliona kuwa kipimo cha maneno peke yake hakitoshi, na pengine chapoteza.

Tutazame mfano kutoka mbali. Mwaka 2005 mwandishi wa Marekani, Stephenie Meyer, alitoa kitabu kiitwacho Twilight, cha msichana ampendaye kiumbe mwenye sura ya kijana, ambaye kwa asili ni mnyonya damu asiyekufa. Kitabu hicho na wenzake vimesomwa duniani kote. Katika vitabu hivyo wapendanao hawafiki kitandani mpaka wafunge ndoa, na hilo halitokei ila katika kitabu cha nne, cha mwaka 2008. Mzee mwenye kuhesabu maneno machafu angekisifu. Lakini katika kitabu cha kwanza huyo kiumbe huingia chumbani kwa msichana usiku, bila yeye kujua, akakaa kumtazama akilala. Na hilo laelezwa kuwa ni dalili ya mapenzi. Upande wa pili yuko Laurell Hamilton, wa Marekani pia, aliyeanza mwaka 1993 msururu wa vitabu juu ya mwanamke apambanaye na wafu na wanyonya damu. Vya mwanzo vilikuwa vya upelelezi na kutisha. Vya baadaye vikajaa mambo ya kitandani mpaka wasomaji wake wenyewe wakagawanyika, wengine wakifurahi na wengine wakilalamika kuwa kisa kimemezwa.

Ni kipi kibaya zaidi? Twasema kuwa vyote viwili vina ila, lakini ila ya kwanza ni ya kificho, na kwa hiyo ni ya hatari kwa mtoto. Ukurasa ulio uchi hujulikana kuwa uko uchi. Mzazi akiuona huushika. Ukurasa uliovaa buibui, na ndani yake ukafundisha kuwa anayekupenda ana ruhusa ya kukuingilia usiku bila idhini, nani ataushika? Na hadithi zetu za majini ndivyo zilivyo, aghalabu. Jini haombi. Jini amechagua, basi yamekwisha. Msichana akikataa aambiwa kuwa ni kudra. Akilia, machozi yake yageuzwa kuwa mapenzi ambayo yeye mwenyewe hajayatambua.

Hapa twapenda kurudi kwa Hasan wa Basra, kwa sababu mtunzi wa zamani alijua jambo hili kuliko wengi wa leo. Hasan alimpata mkewe kwa kumwibia vazi lake la manyoya, asiweze kuruka kurudi kwao. Akamwoa, akamzalia watoto wawili wa kiume. Kisha siku moja, Hasan akiwa hayupo, mwanamke akalipata vazi lake, akawachukua wanawe, akaruka. Na akaacha ujumbe kuwa mume akimtaka na amfuate visiwa vya Waqwaq. Hasan ikambidi ateseke nchi baada ya nchi, mpaka ampate tena. Ndani ya ngano iliyojaa maajabu mna hukumu ya haki kabisa: kilichofungwa kwa wizi hufunguka, na mwenye kutaka mke sharti amfuate hali mke yuko huru kumkataa.

Na msidhani kuwa maneno haya ni ya vitabuni tu. Wanavyuoni wa zamani walijadiliana kama yafaa binaadamu kuoana na jini, na Badruddin Shibli, katika kitabu chake juu ya hukumu za majini, amezikusanya kauli zao. Miongoni mwake inasimuliwa kauli ya Imam Malik. Aliulizwa juu ya jini mwanamume aliyemposa msichana wa kibinaadamu. Maana ya jawabu lake ni kuwa yeye hakuona kizuizi katika dini, lakini alichukia mwanamke aonekane ana mimba, na akiulizwa mumewe ni nani aseme kuwa ni jini, na kwa njia hiyo ufisadi ukaenea katika Uislamu. Ama mtazamo ulioje huu! Imam hakushughulika na jini. Alimtazama binaadamu aliyesimama nyuma ya jina la jini.

Nasi na tumtazame huyo huyo. Pwani yetu, na huko mpakani vile vile walikofika watu wetu na itikadi zao, husemwa kuwa fulani ana jini mahaba: ndiyo sababu haolewi, ndiyo sababu amtoroka mumewe, ndiyo sababu apiga kelele usiku. Mara ngapi nyuma ya kelele hizo pana mtu mwenye jina na anwani, mjomba, jirani, tajiri wa duka, au msafiri aliyepita na kwenda zake? Mara ngapi mganga amejifungia chumbani na msichana kwa kisingizio cha kumtoa huyo jini, akamfanyia yale yale aliyosema jini anamfanyia? Utafiti wa serikali ya Kenya juu ya afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikwisha kupata mimba. Hakuna hata mmoja katika hao aliyepewa mimba na jini. Na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya kujamiiana yamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, ambaye ridhaa yake haimwokoi aliyemwendea. Katika miji ya mpakani, ambapo mkosaji aweza kuvuka daraja na kuwa katika nchi nyengine kabla ya adhana ya pili, kisingizio cha jini chamfaa sana. Na hadithi iliyomzoeza msichana kuona kuwa mjio wa usiku usioombwa ni heshima aliyopewa, imekwisha kumfanyia kazi yake nusu.

Tena Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Ibrahim, aya ya 22, kuwa Shetani mwenyewe, siku ya hukumu, atajivua lawama: hakuwa na mamlaka juu ya watu, aliwaita tu nao wakamwitikia, basi wajilaumu nafsi zao. Ikiwa Iblisi hakubali kuwa kisingizio, vipi tutamfanya kisingizio jini wa hadithi?

Twajua kuwa tutapingwa, na wapinzani wetu wana hoja.

Wa kwanza atasema kuwa hadithi ni hadithi. Hakuna achukuaye sheria kutoka kwa ngano. Twamjibu kuwa ni kweli hakuna achukuaye sheria, lakini watu huchukua tabia. Mtoto hajifunzi heshima kwa kusomewa fasili yake. Hujifunza kwa kuona ni nani asifiwaye na ni nani achekwaye. Msimuliaji amsifuye mwenye nguvu kwa kuwa hakuomba, amefundisha, apende asipende.

Wa pili ni dereva. Yeye husema: mimi niko mbali na mke wangu wiki tatu, njia ina fitina nyingi, na hadithi hii yanishughulisha nisitoke nje ya lori, si bora kuliko zinaa? Hoja hii hatuidharau. Dhara ndogo huvumiliwa kwa kuzuia dhara kubwa. Hiyo ni kanuni ya fiqhi. Lakini na ajiulize kwa uaminifu: hadithi ile yampeleka wapi akili yake? Ikiwa yamkumbusha aliyemwacha nyumbani, akampigia simu na kuuliza hali yake, basi imemfaa. Ikiwa yamfanya amwone mkewe, mwenye mikono iliyochoka na uso uliokesha na mtoto mgonjwa, kuwa ni pungufu mbele ya mwanamke wa moshi asiyezaa wala kuzeeka, basi haijazima moto, imeupelekea kuni.

Wa tatu ni msichana mwenyewe, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Atasema: nyinyi wazee mwanifunza nini? Kinaya chenu sikifahamu, na darsa zenu zakoma kwenye josho. Hadithi hizi ndizo pekee zinazonambia kuwa ninachokihisi si wazimu. Na pale ninaposimama kila siku, kila mtu hupita. Yule jini wa hadithi ndiye pekee aliyesimama akanitazama mimi.

Maneno haya yafaa kutuumiza, kwani yatueleza wasomaji wataka nini hasa. Twadhani wataka mwili. Wengi wao wataka kutambuliwa. Mwili ni njia ya mkato ya msimuliaji asiyeweza kuandika kutambuliwa. Na palipokosekana somo na kungwi mwenye dini, palipokosekana mama akaaye na binti yake na kumwambia kwa maneno wazi ni lipi la halali, ni lipi la haramu, ni lipi la dhuluma, na ana haki gani ya kusema hapana, hapo hadithi ya jini itakuwa ndiyo kungwi wake. Kosa si la msichana. Mwenye njaa haulizwi kwa nini amekula kwa jirani.

Basi kwa jumla ya haya twatoa kipimo chetu, nacho kina masuali manne. Kila asomaye au asikilizaye na ajiulize.

Kwanza: je, kisa hiki chaniambia nguvu ya mapenzi, au chanionyesha mwili wa mtu? La kwanza lajuzu, na pengine lafunza. La pili ndilo lililokatazwa, hata mwenye mwili akiwa ni jini asiyekuwako.

Pili: je, aliyependwa aliulizwa? Kama hakuulizwa, je, mtunzi ajua kuwa hilo ni kosa, kama alivyojua yule wa Hasan wa Basra, au alisifu?

Tatu: je, kitendo kina mwisho wake? Mimba, aibu, talaka, mtoto asiye na baba, haya ndiyo malipo ya binaadamu. Hadithi iliyomtumia jini ili kuyafuta malipo haya yadanganya, hata kama maneno yake ni masafi kama maji ya wudhuu.

Nne: nikiifunga, je, narudi kwa watu wangu nikiwa na huruma zaidi au nikiwa na uchovu nao?

Hadithi ikipita masuali haya manne, hatuoni ubaya isomwe, hata kama mna busu ndani yake lililotajwa kwa adabu. Isipopita, hatuoni kuwa yaokolewa na kufunga mlango wa chumba.

Imebaki kazi yetu sisi. Aliye na kalamu katika watu wa pwani na aandike, kwani pengo halizibwi kwa kulaani. Tuandike kisa cha jini aliyeomba akakataliwa, akaondoka kwa heshima. Tuandike kisa cha msichana wa Malaba aliyeambiwa ana jini mahaba, na shangazi mwenye akili akamwuliza polepole mpaka jina la binaadamu likatoka, na likapelekwa panapohusika. Waalimu wa madrasa za Busia na wa pwani nzima wasione tabu kuwasomesha wasichana na wavulana hukumu za ridhaa katika ndoa, kama wasomeshavyo za tohara. Na wazazi wasiishie kunyang'anya simu. Wamwulize mtoto kisa kimefika wapi, nao wakisikilize. Pengine watasikia ndani yake jambo ambalo mtoto hakuwa na njia nyengine ya kulisema.

Hili ndilo tuliloliona. Likiwa sawa, ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu. Twamwomba azihifadhi nyumba zetu na wasafiri wetu, na awape wasichana wetu watu wa kuwasikiliza. Wallahu aalam.